Mawe Yanayotembea na Jupiter: Tulijibu Haraka, Leo Tunasahihisha

Masomo: Mezali 18:13, Ayubu 26:7, Zaburi 147:4, Isaya 40:26



Wale waliosikiliza kipindi chetu cha maswali na majibu watakumbuka mama mmoja aliyetupigia telefone kutoka Panda. Alisema hivi: "Papa Pasta, mtoto wangu anasoma hesabu na fizikia, yuko mwaka wa mwisho. Ameniambia kwamba kuna maelfu ya mawe yanayotembea pamoja na ile sayari kubwa Jupiter, mengine mbele yake, mengine nyuma yake. Anasema Wamarekani wametuma chombo kwenda kuyaangalia, na chombo chenyewe wamekipa jina la mifupa iliyochimbwa Ethiopia. Je, hayo ndiyo mawe ya kitabu cha Ufunuo? Yatatuangukia?"

Zilibaki dakika tatu kabla ya wimbo wa kufunga. Tulijibu kwamba hayo ni maneno ya watu wasioamini, kwamba mtoto aache kusoma vitu vinavyoharibu imani, na kwamba mawe ya mbinguni yakikusanyika, basi mwisho umefika. Waliokuwa studio wakaitikia Amina. Tulirudi nyumbani tukifikiri tumefanya kazi ya Bwana.

Baada ya siku chache mama yule alikuja mwenyewe kutuona. Mtoto wake alikuwa ameweka madaftari chini ya kitanda. Alisema haendi tena shuleni, kwa sababu pasta ametangaza mbele ya mji mzima kwamba anasoma uongo. Na mtihani wa Exetat ulikuwa karibu. Tena si yeye peke yake. Papa mmoja wa kusanyiko letu, aliyekuwa amenunua mabati ya kuezeka nyumba yake, alianza kuyauza. Alipoulizwa, alisema: "Kwa nini nijenge, kama mawe yanakuja?"

Wapenzi, Mezali 18:13 inamzungumzia mtu anayetoa jibu kabla ya kusikiliza, na inamwita mpumbavu. Tulisoma mstari huo tukajiona ndani yake. Tulimwita kijana, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake, tukamwambia achukue daftari na atufundishe. Kisha tulimwendea mwalimu wa fizikia, tukasoma wenyewe, tukauliza tena. Kosa letu lilipita hewani, na masahihisho yake tutayasema hewani vilevile. Lakini tunayaandika pia katika karatasi hii, ili yabaki nyumbani mwenu.

JUPITER NI NINI?

Wale wanaosoma Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond wamekwisha kulikuta jina hili. Katika Matendo ya Mitume sura ya 14, watu wa Listra walipoona kiwete ametembea, walidhani miungu imeshuka, wakamwita Barnaba Jupiter. Biblia zetu za Kiswahili zinaandika Zeu. Ni mungu wa zamani wa Wagiriki na Warumi. Wazungu wa kale waliipa ile sayari jina hilo, na jina limebaki mpaka leo. Waswahili wa pwani huiita Mshtarii. Jina halifanyi sayari kuwa mungu. Kumbukumbu la Torati 4:19 limekwisha kutuonya tusivisujudie vitu vya mbinguni.

Sayari yenyewe ni kubwa kuliko sayari zote za jua letu. Upana wake ni karibu kilomita 143,000, yaani mara 11 ya Dunia. Iko mbali na jua mara tano zaidi kuliko sisi, karibu kilomita milioni 778. Dunia yetu inalizunguka jua kwa mwaka mmoja. Jupiter inahitaji karibu miaka 12. Mtoto aliyezaliwa leo atakuwa anamaliza shule ya msingi Jupiter itakapofika tena mahali ilipokuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Jupiter inaonekana kwa macho. Usiku umeme ukikatika mjini, kama tulivyozoea, na majira ya kiangazi anga likiwa safi, utaona wakati fulani wa mwaka nyota moja nyeupe yenye mwanga mwingi ambayo haimetimeti kama nyingine. Mara nyingi ndiyo hiyo.

MAWE YENYEWE YAKO WAPI?

Mawe tunayozungumzia yanaitwa asteroidi, yaani miamba inayolizunguka jua kama sayari zinavyofanya, ila ni midogo kuliko sayari. Asteroidi nyingi ziko katika nafasi iliyo kati ya Mirihi na Jupiter. Lakini zile alizosema mama yetu ni kundi jingine. Hizo zinapita njia ileile ya Jupiter. Wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya 10,000.

Watu wengi wakisikia "njia moja" wanafikiri mawe yameizunguka Jupiter kama nyuki wanavyozunguka mzinga. Sivyo. Yako mbali nayo sana. Ili kuelewa, chukua vijiti vitatu vya urefu mmoja, uviweke chini vishikane ncha, upate umbo la pembe tatu. Kwenye pembe ya kwanza weka jua. Kwenye pembe ya pili weka Jupiter. Pembe ya tatu ndipo mawe yalipo. Sasa ongeza vijiti viwili upande wa pili, utengeneze pembe tatu nyingine kama ile ya kwanza. Hapo utakuwa umepata makundi mawili: moja linaitangulia Jupiter, na jingine linaifuata.

Kwa kuwa vijiti vyote ni sawa, umbali kutoka katikati ya kila kundi mpaka Jupiter ni sawa na umbali kutoka Jupiter mpaka jua. Ni kilomita milioni 778 tena. Ukitaka kukadiria kwa macho, nyoosha mkono wako mbele na ukunje ngumi. Usiku ule Jupiter inapoonekana juu sana saa sita, hesabu ngumi sita au saba kutoka kwake kuelekea mashariki: huko liko kundi linalotangulia. Hesabu vilevile kuelekea magharibi: huko liko kundi linalofuata. Hutaona kitu. Mawe hayo ni hafifu mno kwa macho yetu, yanahitaji darubini. Lakini yapo.

Na kutoka kwetu? Makundi yote mawili yako mbali nasi kilomita mamia ya milioni. Gari likikimbia kilomita 100 kwa saa, bila kusimama usiku wala mchana, lingehitaji karibu miaka 700 kumaliza kilomita milioni 600. Papa mwenye mabati, tunaomba ulisikie jambo hili kwanza.

KWA NINI HAYATAWANYIKI?

Hapa ndipo kijana wetu alipotushangaza. Tulimwuliza: kama Jupiter ni kubwa hivyo na inavuta, kwa nini haijayameza mawe yote? Na kama haiyavuti, kwa nini yanaifuata?

Alituambia tufikirie malori ya madini yanayokwenda Kasumbalesa. Malori matatu yanaweza kutoka Likasi asubuhi kwa barabara moja na kwa mwendo mmoja, yakafika bila kugusana, hata kama hayakufungwa kwa kamba. Mawe nayo ni hivyo. Kila jiwe linalizunguka jua lenyewe, kwa karibu miaka 12, sawa na Jupiter. Ndiyo maana nafasi kati yao inabaki.

Lakini malori yana madereva. Mawe hayana. Jiwe likipotea kidogo, nani atalirudisha?

Jibu lake tulilirudia mara mbili mpaka tukalielewa. Chukua jiwe la kundi linalotangulia. Tuseme limechelewa kidogo, Jupiter ikalikaribia kwa nyuma. Jupiter inalivuta kurudi nyuma. Mtu angesema: basi limekwisha, litamezwa. Lakini jiwe likivutwa nyuma linapoteza nguvu, likipoteza nguvu linashuka kidogo kuelekea jua, na njia ya ndani ni fupi tena mwendo wake ni wa haraka. Ni kama mkimbiaji aliyeingia mstari wa ndani wa uwanja. Basi jiwe lile lililovutwa nyuma linaanza kutangulia tena, linaiacha Jupiter. Likitangulia kupita kiasi, mambo yanageuka: linapanda kidogo, mwendo wake unapungua, linarudi. Hivyo kila jiwe linayumba taratibu kuzunguka mahali pake. Kuyumba kwenda na kurudi kunachukua miaka kama 150. Hakuna mtu anayeishi kuona zamu moja ikiisha.

Sharti ni kwamba jua liwe zito kuliko sayari angalau mara 25 hivi. Jua letu ni zito kuliko Jupiter karibu mara 1,000. Sharti limetimia kabisa.

Ayubu 26:7 inatuambia kwamba Mungu ameitundika dunia pasipo kitu cha kuishikilia. Tumeuhubiri mstari huo miaka mingi. Hatukuwa tumefikiri kwamba kuna mawe maelfu yaliyotundikwa vilevile, pasipo kamba wala nguzo, na kwamba mtoto wa Panda anaweza kuonyesha kwa kalamu namna Bwana alivyoyashika.

ALIYEHESABU NA ALIYEONA

Mtu wa kwanza kuandika kwamba pembe hizo tatu zinaweza kudumu alikuwa mwanahesabu Joseph-Louis Lagrange, aliyezaliwa Turin, Italia. Aliandika mwaka wa 1772. Hakuwa ameona jiwe hata moja la namna hiyo. Alihesabu tu.

Ilipita miaka 134. Mwaka wa 1906, mwezi wa pili, Max Wolf wa Heidelberg, Ujerumani, ambaye alikuwa akipiga picha za anga usiku, alikuta katika picha zake jiwe linalotembea mbele ya Jupiter, kwenye kona ileile iliyohesabiwa. Mwaka huohuo likapatikana jingine upande wa nyuma. Hesabu ilikuwa imesema kweli kabla ya macho.

Jiwe la kwanza liliitwa Achilles, jina la shujaa katika masimulizi ya Kigiriki ya vita vya mji wa Troya. Johann Palisa wa Vienna alipendekeza mengine pia yapewe majina ya vita hivyo. Baadaye ikawa desturi: kundi la mbele ni kambi ya Wagiriki, kundi la nyuma ni kambi ya Watroya, na mawe yote kwa pamoja yanaitwa mawe ya Troya. Lakini kabla ya desturi kuwekwa, mawe mawili yalikuwa yamekwisha kupata majina. Hektor, shujaa wa Troya, akabaki katika kambi ya Wagiriki. Na Patroclus, Mgiriki, akabaki katika kambi ya Watroya. Wataalamu huwaita wapelelezi. Msomaji wa Yoshua sura ya 2 ataelewa mara moja.

Hektor ndilo kubwa kuliko yote. Upana wake wa wastani unapita kilomita 200. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni kilomita kama 120. Hebu fikirieni.

Na Troya si mbali na Biblia. Mji wa Troa, ambako Paulo aliona maono ya mtu wa Makedonia (Matendo 16), na ambako Eutiko alianguka dirishani kwa usingizi (Matendo 20), ulikuwa katika nchi ileile ya Troya ya kale, sehemu ambayo leo ni Uturuki. Kwa hiyo tukisikia jina la mawe haya tusishtuke kana kwamba ni jina la shetani. Ni jina la mahali ambapo Injili ilipita ikienda Ulaya.

CHOMBO KINACHOITWA LUCY

Sasa tufike kwenye lile jina lililomsumbua mama yetu.

Tarehe 16 mwezi wa kumi 2021, shirika la anga la Marekani, NASA, lilirusha chombo kutoka Florida kwenda kwenye mawe ya Troya. Hakina mtu ndani. Kinaitwa Lucy. Jina hilo ni la mifupa iliyopatikana Hadar, katika jimbo la Afar, Ethiopia, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1974. Aliyeipata ni Donald Johanson na wenzake. Jioni ile kambini walikuwa wakipiga wimbo wa bendi ya Beatles wenye jina Lucy ndani yake, wakaiita mifupa hivyo. Waethiopia wanaiita Dinkinesh, na kwa Kiamhari maana yake ni "wewe ni wa ajabu." Daudi alimwambia Mungu jambo la karibu na hilo juu ya mwili wake mwenyewe, katika Zaburi 139:14.

Wataalamu wanasema mifupa hiyo ina miaka milioni 3.2, na mawe ya Troya yalibaki tangu jua na sayari zilipofanyika, miaka zaidi ya bilioni 4 iliyopita. Ndiyo sababu ya jina: mifupa ni mabaki ya zamani, na mawe vilevile. Tunajua kwamba juu ya hesabu ya miaka na siku za Mwanzo sura ya 1, ndugu waaminifu wanaelewa kwa namna mbalimbali. Karatasi hii haitoshi kuamua neno hilo, nasi hatutaliamua kwa dakika tatu kama tulivyofanya redioni. Tunasema hili tu: kijana aliyetueleza jina la chombo hakumkana Bwana. Alieleza jina la chombo.

Lucy imekwisha kupita karibu na mawe mawili ambayo si ya Troya, ili kujaribu vifaa vyake njiani. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 2023 ilipita kwenye jiwe dogo lisilofika kilomita moja, ambalo limeitwa Dinkinesh. Walishangaa kukuta jiwe jingine dogo likilizunguka. Hilo liliitwa Selam, yaani amani. Basi kuna majina mawili ya Kiamhari, lugha ya Afrika, kati ya mawe ya mbinguni. Kisha tarehe 20 mwezi wa nne 2025 ilipita kwenye jiwe Donaldjohanson, lenye urefu wa kilomita kama nane. Angalieni tarehe hiyo. Ilikuwa Pasaka. Tulipokuwa kanisani tukiimba kwamba kaburi ni tupu, chombo kile kilikuwa kinapiga picha.

Mawe ya Troya yenyewe yanangojewa: Eurybates mwezi wa nane 2027, Polymele mwezi wa tisa mwaka huohuo, Leucus na Orus mwaka wa 2028. Hayo yote ni ya kambi ya mbele. Kisha chombo kitarudi karibu na Dunia, kivutwe na kusukumwa upya, na mwaka wa 2033 kifike kambi ya nyuma kwa Patroclus, ambalo kumbe ni mawe mawili yanayozungukana, kila moja na upana wa kilomita kama 100.

Kuna jambo moja katika safari hiyo lililotugusa. Lucy inapata nguvu zake kutoka mabango mawili ya jua, yenye umbo la duara, kila moja na upana wa zaidi ya mita saba. Yalikunjwa wakati wa kuruka, yafunguke huko juu. Moja lilifunguka na kufungwa vizuri. La pili lilikwama karibu na mwisho. Mafundi walikuwa duniani, hawakuweza kwenda na koleo. Walifanya majaribio miezi mingi wakituma amri tu, na mwaka wa 2022 likazidi kufunguka, ingawa halikujifunga kabisa. Wakapima, wakaona linatosha, wakaendelea na safari. Tulipoandika haya tulimfikiria mtumishi ambaye hakukamilika katika jambo moja na Bwana bado anamtumia. Tulijifikiria sisi wenyewe.

KUSOMA JIWE

Wengine watauliza: faida ni nini kwenda mbali hivyo kwa ajili ya mawe? Kanisa la Likasi lisiulize swali hilo. Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Hapa hata mtoto anajua kwamba jiwe la kijani ni malakiti, lina shaba, na kwamba jiwe jeusi linaweza kuwa na kobalti. Papa zetu waliofanya kazi Shituru na Kambove walisoma rangi ya jiwe kabla ya kulipima.

Lucy nayo inafanya hivyo. Haitatua juu ya jiwe lolote. Itapita kwa mwendo mkali, ikisoma rangi na joto kwa vifaa vyake. Mpaka sasa wataalamu wameona kwa mbali kwamba mawe ya Troya hayana rangi moja. Mengine ni mekundu kidogo, mengine ya kijivu. Wanafikiri hayakuzaliwa mahali pamoja: yalitoka sehemu mbalimbali, sayari kubwa zilipokuwa zikisogea zamani sana, yakanaswa kwenye zile kona mbili. Kama mawe yaliyochanganyika katika gunia moja, lakini fundi akiyaona anajua hili limetoka shimo gani na lile limetoka shimo gani.

NA MAWE YANAYOANGUKA?

Hatutaki kusahihisha uongo mmoja kwa uongo mwingine. Mawe kutoka angani huanguka kweli. Tarehe 15 mwezi wa pili 2013, jiwe lenye upana wa mita kama 20 lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Watu zaidi ya 1,000 waliumia, wengi kwa vioo vya madirisha. Lakini hilo halikuwa jiwe la Troya. Mawe yanayopita karibu nasi yana njia nyingine, na yanachunguzwa kila usiku.

Liko moja ambalo mtalisikia sana, kwa hiyo tunawaambia mapema. Linaitwa Apophis, lina upana wa mita zaidi ya 300. Siku ya Ijumaa, tarehe 13 mwezi wa nne 2029, litapita kilomita kama 32,000 juu ya Dunia, karibu zaidi kuliko setilaiti zinazoleta picha katika televisheni zetu. Watu wa Afrika na Ulaya wataweza kuliona kwa macho, kama nyota inayotembea. Lilipogunduliwa mwaka wa 2004 kulikuwa na hofu. Mwaka wa 2021, baada ya kulipima kwa rada, NASA ilitangaza kwamba halitaigonga Dunia kwa muda wa miaka 100 angalau.

Wako wahubiri wanaosema kwamba Apophis ndilo nyota Pakanga ya Ufunuo 8. Tunawaomba, mpendwa yeyote akiletewa ujumbe kama huo kwenye telefone yake, asiusambaze. Sisi tunaamini Ufunuo. Tunaamini Bwana atarudi. Lakini Mathayo 24:36 imefunga mlango wa tarehe, na Pasta hana ufunguo wake. Jioni ile ya 2029, tukiwa hai, tutoke nje na watoto wetu tuangalie.

TUNAFUNGA

Zaburi 147:4 inasema kwamba Bwana anajua hesabu ya nyota na anaziita kwa majina. Isaya 40:26 inatuambia tuinue macho tuone, na kwamba kwa nguvu zake hakuna hata moja inayokosa. Angalieni kwamba Isaya haagizi tufunge macho. Tulipomwambia yule kijana aache kusoma, tulimwagiza kinyume cha Isaya. Tunatubu.

Papa mwenye mabati alikuwa ameuza nusu. Nusu iliyobaki ameisimamisha, na ndugu wa selule yake wamechangishana kumsaidia kurudisha nyingine. Kijana alirudi shuleni. Alipokuja kutuaga kabla ya mtihani, tulimwekea mikono, kisha tukamwomba ajibu swali moja ambalo bado lilitusumbua: kundi la mbele linaonekana upande gani wa Jupiter? Akajibu bila kufikiri: "Mashariki, Papa Pasta. Nilikwisha kuwaambia mara mbili."

Kwa wazazi tunasema: mtoto akileta nyumbani neno la masomo ambalo hamlielewi, mwulizeni kwanza. Kwa wachungaji wenzetu, na kwetu sisi wenyewe: kipaza sauti kikiwa mbele yako na hujui jibu, sema "Tutauliza, tutawajibu juma lijalo." Hakuna aliyepoteza wokovu kwa maneno hayo.

Maswali ya kuzungumza katika selule:

1. Ni lini wewe ulijibu kabla ya kusikiliza (Mezali 18:13)? Nani aliumia?

2. Tumia vijiti vitano, uwaonyeshe watoto wa nyumbani mahali mawe ya Troya yalipo. Mwache mtoto mmoja arudie kueleza.

3. Ni ujumbe gani wa kutisha umepokea kwenye telefone mwaka huu? Uliupima namna gani kabla ya kuusambaza?

Tuombe: Baba, wewe unayeyashika mawe ambayo hatuyaoni, shika na ndimi zetu. Uwape watoto wetu akili ya kusoma kazi za mikono yako, nasi utupe masikio ya kuwasikiliza. Tunaomba katika jina la Yesu. Amina.